Kufumua Bila Kufedhehesha

Je, ni kosa kumwambia mtu kwamba kikapu chake ni kizuri, hali tunaona kimepinda? Katika kitabu kinachozungumzia imani, swali hili laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Lakini yeyote aliyewahi kuwafundisha watu wazima kazi ya mikono anajua uzito wake. Linagusa Amri ya Nane, linagusa upendo kwa jirani, na kwa maoni yangu linafika hadi kwenye fundisho ambalo sisi Walutheri husema kanisa husimama nalo au huanguka nalo, yaani kuhesabiwa haki kwa neema.

Usharikani kwetu hapa Dar es Salaam tuna darasa la kusuka ukili kila Jumamosi alasiri. Ni darasa la watu wazima wasiojua kitu. Hilo ndilo sharti pekee la kujiunga, na wako waliokataliwa kwa sababu walikuwa wanajua tayari na walitaka kuja kuonekana. Wengi wetu katika sharika za mjini tumetoka bara: Kilimanjaro, Iringa, Bukoba, Mbeya. Mkeka tunaujua kwa kuukalia. Mwalimu wetu ni bibi mmoja jirani wa kanisa, Mwislamu, mzaliwa wa Pwani, aliyeshika ukindu kabla hajashika kalamu. Wapo waliouliza kwa nini usharika umlipe mtu ambaye si wa kwetu. Niliwasomea 1 Wafalme 7:13-14. Sulemani alipotaka kazi ya shaba kwa ajili ya Hekalu, alimwita Hiramu kutoka Tiro. Mama yake alikuwa wa kabila la Naftali, ni kweli, lakini Maandiko yanasema aliyekuwa mfua shaba ni baba yake, mtu wa Tiro. Mjadala ukaishia hapo.

Kwa wasioujua, ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwa chane, yaani majani yaliyokaushwa na kuchanwa vipande vyembamba. Ukishafika pima kadhaa huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka au kikapu. Chane zikiwa kavu mno hukatika, kwa hiyo huloweshwa kidogo. Zikiisha huungwa nyingine katikati ya msuko, na mahali pa kuungia pakionekana ujue msukaji bado mgeni. Lakini kazi yenyewe iko katika mvuto wa mikono miwili. Mkono wa kulia ukivuta kuliko wa kushoto, ukili unapinda kama nyoka. Huwezi kuunyoosha baadaye kwa kuukalia au kuuwekea jiwe. Ukiushona hivyo hivyo, mkeka haulali chini, unavimba katikati, na kila anayeuketia atajua.

Sasa, mwanafunzi wa wiki ya tatu anainua ukili wake uliopinda na kuuliza, "Bibi, vipi?"

Majibu mawili tunayafahamu sote. La kwanza ni lile la shule tulizosomea wengi wetu: kucheka, kulinganisha na mwenzake, na enzi zile fimbo pia. Sina haja ya kulijadili sana, maana waliopitia huko wanajua lilivyowafanya waichukie hesabu au kuchora hadi leo. Jibu la pili ni la siku hizi, nalo limeingia hata katika vikundi vyetu vya kanisa: "Nzuri sana! Hongera! Tumpigie makofi!" Kila kitu ni kizuri sana. Mtu anapaka rangi ya batiki, nta imevuja kila upande, maua hayajulikani kama ni maua au ni matope, na tunapiga makofi.

Wanaotoa jibu la pili wana hoja, tena ya Kilutheri. Watanikumbusha kwamba katika Katekisimo Ndogo, akiieleza amri ya kutomshuhudia jirani uongo, Luther hakuishia kwenye katazo. Alitaka tumtetee jirani, tumnenee mema na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio bora. Basi, wanasema, makofi hayo si ndiyo kuishika Amri ya Nane?

Nafikiri hapana, na sababu yake ni rahisi kuiona katika ukili kuliko mahali pengine. Tumeamriwa kumnenea mema jirani. Hatukuamriwa kuunenea mema ukili wake. Tunapoona kwamba ili tumheshimu mtu ni lazima kwanza tuisifu kazi yake, tayari tumekwisha kumfunga na kazi hiyo. Tumekubali, bila kusema, kwamba mtu ni sawa na alichokitengeneza, na kwa kuwa alichokitengeneza kimepinda, tumsaidie kwa uongo mdogo ili asianguke nacho. Fimbo na makofi vina mzizi mmoja. Vyote viwili vinaamini kwamba thamani ya mtu iko katika mikono yake, ila kimoja kinasema kweli bila huruma na kingine kina huruma bila kweli.

Bibi hafanyi lolote kati ya hayo. Huupokea ukili na kuupitishia kidole gumba taratibu mpaka panapoanzia kombo. "Hapa ulikuwa unaongea," husema. Au, "Hapa ulichoka." Kisha anafumua mwenyewe hadi mahali hapo, anaurudisha mikononi mwa mwenyewe na kumwambia, "Haya, endelea." Hasifu wala halaumu. Katika darasa hilo yumo baba mmoja mstaafu, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka mingi, mtu aliyezoea kusahihisha wengine kwa kalamu nyekundu. Siku yake ya kwanza kufumuliwa, chumba kizima kilinyamaza. Bibi alimsalimu kwa heshima zote, akamwita "mwalimu" kama wote tunavyomwita, akafumua shibiri nzima. Juma lililofuata mzee alikuja dakika kumi kabla ya wenzake.

Hili si dogo kwa mtu mzima. Tunayo methali ya samaki mkunje angali mbichi, ambayo ilitungwa kwa ajili ya malezi ya watoto, lakini watu wazima tumeifanya ngao. Mimi samaki mkavu, tunasema, niacheni. Nimeisikia kwa kina mama walioalikwa kujifunza kufuma vitambaa vya makochi, nimeisikia kwa wanaume walioalikwa kuimba kwa nota. Inasikika kama unyenyekevu. Mara nyingi ni woga. Mtoto akikosea hakuna anayeshangaa, ndiyo kazi ya utoto. Mtu mzima ana jina, ana cheo, ana wajukuu wanaomtazama. Kukaa chini na kushika kitu usichokijua mbele ya watu ni kuvua nguo fulani ambayo umeivaa miaka mingi.

Kuhusu nguo, turudi kwenye Mwanzo sura ya tatu. Ushonaji wa kwanza katika Biblia ni wa majani. Adamu na Hawa waliona aibu, wakashona majani ya mtini wajifunike (Mwa. 3:7). Wote wawili walikuwa watu wazima, walioanza ufundi siku ile ile, na kazi yao ilikuwa mbovu, kwa maana jani la mtini likikauka linapukutika. Angalia Mungu anavyofanya alipowakuta. Hakuwaambia kwamba mavazi yao yamependeza. Hakuwaacha uchi pia. Katika mstari wa 21 tunasoma kwamba Bwana Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Aliwavika kabla ya kuwatoa bustanini, hali akijua yote waliyoyatenda. Hukumu ilisemwa yote, hakuna neno lililofichwa, na bado waliosemwa walivikwa kwa mkono wa yule yule aliyewasema.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Neema haisemi kwamba ukili umenyooka. Neema inamketisha mtu kwanza, inamvika, inampa mahali pake katika chumba ambapo hatatolewa kwa sababu ya kombo, na kwa kuwa mahali hapo hapategemei mikono yake, sasa anaweza kuambiwa ukweli kuhusu mikono hiyo. Mtu ambaye bado anatafuta kukubaliwa kwa kazi yake hawezi kufumuliwa. Ukigusa ukili wake umegusa roho yake. Ndiyo maana nasema darasa la wanaoanza ni mahali pazuri pa kulijaribu fundisho letu. Tunahubiri kila Jumapili kwamba hatuokolewi kwa matendo, halafu Jumamosi mzee wa kanisa anashindwa kulala kwa sababu kikapu chake kilichekwa.

Luther mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa namna hii, jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka 1527, akiwa na miaka 43, mchungaji na profesa ambaye jina lake lilijulikana karibu Ulaya nzima, alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link huko Nürnberg amtafutie vifaa vya kukereza mbao, ufundi ule wa kuuzungusha mti na kuuchonga hadi uviringane. Alikuwa ameanza kujifunza pamoja na mtumishi wake Wolfgang. Sababu aliyoitoa ilikuwa na utani ndani yake: kama ulimwengu hautataka kuwalisha kwa ajili ya Neno, basi wajue kujipatia mkate kwa mikono yao. Mimi nipo katika miaka hiyo hiyo ya arobaini, na nikiisoma habari hii sioni utani tu. Naona mtu aliyekwisha kuandika vitabu vya kutikisa ufalme, naye haoni haya kusimama kando ya mtumishi wake wote wawili wakiwa hawajui.

Sasa kuhusu fedha, ambalo ndilo lililozua mabishano makali zaidi katika baraza la wazee. Ukumbi wetu ukikodishwa Jumamosi kwa sherehe unaingiza fedha za kuaminika, na usharika una paa la kumalizia. Mzee mmoja, mtu makini ambaye namheshimu, aliuliza wazi: darasa hili litaingiza shilingi ngapi? Watu wenye njaa ya kweli wapo, akasema, na sisi tunawapa wastaafu mahali pa kuchezea majani.

Siwezi kumjibu mzee huyu kwa kudharau fedha. Paulo alishona mahema ili ale (Mdo. 18:3). Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea (Mdo. 9:39), na nguo hizo zilivaliwa, hazikuwa mapambo. Nchi yetu nayo, tangu Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, imewaketisha bibi na babu zetu chini ya miembe na kuwafundisha herufi, na mafunzo hayo yaliitwa kisomo chenye manufaa. Manufaa ni neno zuri. Swali langu ni lini tunapaswa kuliuliza.

Kuna mfano kutoka kwa ndugu zetu Walutheri wa Afrika Kusini ambao nimeufikiria sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wasweden wawili, Peder na Ulla Gowenius, walifika katika hospitali ya kanisa huko Ceza, katika nchi ya Wazulu. Ulla alianza kuwafundisha wanawake waliolazwa kufuma nguo za ukutani. Walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu, na matibabu ya kifua kikuu wakati ule yalichukua miezi mingi. Kitu kilichowapelekea mwalimu kilikuwa ugonjwa na siku zile ndefu za kitandani. Hakuna aliyewauliza wagonjwa wale watauza kiasi gani. Mwaka 1962 yakaanza mafunzo huko Umpumulo, penye chuo cha theolojia cha Kilutheri, ya kuwaandaa wanawake watakaofundisha kazi za mikono mahospitalini, na mwaka 1963 kituo kikahamia Rorke's Drift. Wafumaji wa huko hawakupewa mchoro wa kuiga. Walibuni picha moja kwa moja kwenye kitanda cha kufumia, uzi juu ya uzi.

Miongoni mwa wagonjwa wa Ceza alikuwamo kijana aitwaye Azaria Mbatha. Alijifunza kuchonga picha katika linoleamu, ambapo unakwangua usichokitaka, unapaka wino mweusi, kisha unagandamiza karatasi juu yake. Akazichonga habari za Biblia, pamoja na ile ya Yusufu na ndugu zake, na watu ndani ya picha hizo ni Waafrika. Kazi zake zikaingia katika majumba ya makumbusho. Alifariki nchini Sweden mwaka 2018. Katika miaka ya ubaguzi wa rangi, wakati milango ya shule za sanaa ilikuwa imefungwa kwa watu weusi, kituo hicho cha kanisa kilikuwa mojawapo ya mahali pachache walipoweza kujifunza.

Na fedha je? Zilikuja. Nguo za ukutani za Rorke's Drift ziliuzwa mbali, na familia ziliishi kwa hizo. Siufichi ukweli huo, kwa kuwa unamsaidia mzee wetu wa baraza kuliko unavyonisaidia mimi. Ninachokiona tu ni utaratibu wa mambo. Mgonjwa aliketishwa kwanza na kupewa uzi akiwa hajui kitu na hana cha kuahidi. Soko lilifuata. Lingetangulia, nina shaka kama mwanamke anayekohoa, ambaye hakuna ajuaye kama atapona, angepewa kiti. Na ninajiuliza ni watu wangapi katika sharika zetu hawapewi kiti kwa sababu hesabu yao haitoki vizuri kwenye karatasi ya mradi.

Wapo pia wanaohofia sanaa kwa ajili ya katazo la sanamu. Kwa ukili hofu hiyo haina mahali pa kukaa, na hata kwa picha, Luther aliliongea jambo hili katika mahubiri yake ya Wittenberg mwezi Machi 1522, alipowazuia waliokuwa wakivunjavunja sanamu makanisani. Sina la kuongeza.

Kitu ninachotaka baraza letu lisome kabla ya kupiga kura ni Kutoka 35:30-35. Tunakumbuka kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya dhahabu, mawe, mbao na nyuzi. Tunasahau mstari wa 34, unaosema Mungu alimtia pia moyoni, yeye na Oholiabu, uwezo wa kufundisha. Hema ya kukutania ingeweza kumalizika haraka zaidi kama mafundi wawili waliokwisha kuiva wangeachwa wafanye kazi bila kusumbuliwa na watu wanaokata kitambaa vibaya. Kufundisha kunachelewesha. Mungu aliyekuwa na haraka ya kukaa katikati ya watu wake alitoa, pamoja na ujuzi, kipawa kinachochelewesha. Sijasoma mahali popote katika sura zile kwamba wanafunzi wa Bezaleli waliulizwa mapema wataingiza nini.

Lakini haimaanishi kwamba kombo lisahauliwe. Wakati wa mnada wa mavuno mwaka jana, kijana mmoja wa kwaya alipendekeza vikapu vya darasa vipelekwe madhabahuni viuzwe pamoja na kuku na ndizi. Tunavyojua minada yetu, kikapu kibovu kingeweza kununuliwa kwa bei ya mbuzi, kwa kuwa watu wanamtolea Bwana na wala hawaangalii kikapu. Niliona ni wazo jema. Bibi, aliyekuja kutusaidia kupanga vitu, alivitazama kimoja kimoja, akatenga vinne, akasema hivi viende. Vile vingine saba akavirudisha. Mama mmoja mwenye kikapu kati ya vile saba alilalamika kwamba ni kwa ajili ya kanisa, Mungu anaangalia moyo.

"Mungu ataangalia moyo, mwanangu," Bibi alisema, "lakini mnunuzi atatia mchele."

Yule mama alicheka, akakaa pale pale kwenye ngazi za ukumbi, akaanza kufumua.

Kuhusu ukumbi, baraza limetoa nafasi hadi mwisho wa mwaka, Jumamosi mbili kwa mwezi, nyingine zibaki kwa sherehe. Sikupata nilichokiomba. Mwalimu mkuu mstaafu amesema zile Jumamosi nyingine watakaa chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi, na ameanza kuchana ukindu nyumbani kwake ili wanaokuja wakute chane ziko tayari. Bibi amezipima kwa kidole na kusema baadhi ni nene mno.